Seva ya Kampuni au ya Kuunga Mwenyewe? Uliza Kwanza Nani Ataiwasha Usiku

Jumapili saa nne usiku, niko zangu Mbagala, simu inaita. Mteja, duka la dawa za jumla Kinondoni. Umeme ulikatika jioni, umerudi, taa zinawaka, friji zinanguruma, seva, ile kompyuta kuu ya duka, kimya. Namwelekeza mlinzi kwa simu abonyeze swichi. Feni zinazunguka, mfumo hauji. Nikapanda bodaboda. Kufika, nachomeka skrini, nakuta mashine inamsubiri mtu abonyeze kitufe cha F1 kwenye kibodi ndipo iendelee.

Kilichokufa ni betri ya CR2032, kile kiduara kama sarafu kwenye madabodi, bodi kuu ya kompyuta. Betri hii huliwa pale mashine inapokosa umeme wa ukutani, na kwetu hapa inaliwa sana. Ikifa, madabodi inasahau mipangilio yote, ukiwemo ule wa kujiwasha umeme unaporudi. Seva hiyo niliiunga mimi mwenyewe, na bei yake nafuu nilimtambia sana mteja.

Kwa hiyo wadau mnaoniuliza "seva ya kampuni au ya kuunga", yaani ninunue iliyotengenezwa tayari kiwandani au niunganishe vipande mwenyewe, mambo ya kasi ya prosesa na ukubwa wa RAM mtayapata kwingine. Mimi nina swali moja tu: hiyo mashine ikigoma usiku, utaiona kutoka ulipo? Seva halisi ina kikompyuta kidogo ndani yake, chenye tundu lake la mtandao, kinachoendelea kuishi hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa. Unaingia kwa simu au laptopu, unaiwasha, unasoma kosa. Ukiwa na leseni inayotakiwa, unaona skrini yake na kubonyeza hiyo F1 ukiwa kitandani.

Namba moja kwangu ni Dell PowerEdge, na sifichi mapenzi yangu. Kikompyuta chao kinaitwa iDRAC. Kwa ofisi ya watu kumi au ishirini, chukua ya mnara kama T140 au T150. Za kulala kwenye raki, kama R730, zina feni za kelele, na mhasibu anayekaa jirani nayo atakuchukia. Ila shika haya mawili. T30 na T40 zina jina lilelile la PowerEdge lakini iDRAC hazina, na muuzaji hakwambii. Pili, leseni: ya Express inakuwezesha kuwasha, kuzima na kusoma kumbukumbu za makosa, lakini kuona skrini kwa mbali kunataka Enterprise. Iandikwe kwenye profoma kabla hujalipa. Maana utaambiwa "ipo full", halafu ukiifungua unakuta Express, na yule aliyekuuzia ghafla yuko Dodoma kwenye msiba.

Namba mbili ni HPE ProLiant. Vyuma vizuri, sibishi, na iLO, kikompyuta chake cha ndani, hata bila leseni ya kulipia inakuonyesha skrini mpaka mfumo unapoanza kupakia, kwa hiyo F1 yangu ingemalizika. Kinachoniudhi ni kwamba tangu Februari 2014 kupata masasisho ya BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine, kunahitaji uwe na waranti au mkataba. Ukinunua ya mtumba, waranti imeshakwisha huko ilikotoka. Dell unapakua bure.

Tatu, kuunga mwenyewe, ila kwa madabodi ya seva. Supermicro wanakurahisishia: jina likiishia na F, mfano X11SSL-F, usimamizi wa mbali umo. Weka RAM ya ECC, ile inayojirekebisha makosa, na usikubali fundi akuchanganyie ya RDIMM na ya UDIMM, ni aina mbili tofauti, hazikai pamoja. Tatizo ni kuzipata. Kariakoo unaweza kuzunguka kutwa nzima, na kila duka unaambiwa "ni ya oda, dada". Na kikiungua kitu, waranti ya madabodi iko kwa huyu, ya diski kwa yule, na kila mmoja anamsingizia mwenzake.

Zile kompyuta za kawaida zilizobandikwa jina la seva? Kama huna namna, nunua, ongeza PiKVM, kifaa cha nje cha kuonea skrini na kubonyeza vitufe kwa mbali, na badilisha betri kila mwaka. Basi.

Sasa wauzaji. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei za bidhaa kwa fedha za kigeni hapa nchini, lakini mtu bado anakutajia dola kwa mdomo, kisha anaibadilisha kwa kiwango alichoota usiku. Ukidai risiti ya EFD, bei inapanda palepale. Mimi sasa sitoki nyumbani kabla sijatumiwa service tag, zile herufi na namba saba kwenye kibandiko cha Dell. Unaziingiza kwenye tovuti yao, unaona mashine ilitoka kiwandani na nini na waranti inaishia lini.

Juzi nimemwomba mmoja, mashine "mpya kabisa, sista, haijaguswa". Kanitumia picha nne kwa WhatsApp. Tatu ni za boksi. Ya nne ni ya seva yenyewe, na pale kwenye kibandiko kaweka dole gumba.