Uzoefu wangu na mashine ya oksijeni ya lita 5 nyumbani

Mashine ninayoieleza hapa ni ile inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja ili itoe oksijeni, yenye uwezo wa lita 5 kwa dakika, na ninaitumia kwa sababu mapafu yangu yameharibiwa na vumbi la mawe. Katika ujana wangu nilichimba tanzanite Mererani, wakati ambapo wengi wetu wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo, tulitoboa mwamba mkavu bila maji ya kutuliza vumbi na bila barakoa ya maana. Baadaye niliugua kifua kikuu, nikameza dawa hadi mwisho, nikapona, lakini pumzi haikurudi. Daktari wa kifua akanieleza kwamba nina silikosisi: chembe za silika zikishafika ndani kabisa ya mapafu hazitoki tena, mwili huzizingira kwa makovu, makovu hayo yanaweza kuendelea kukua hata mtu akishaacha mgodi, na mwenye ugonjwa huu hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko watu wengine. Dawa ya kuyaondoa makovu hayo haipo.

Niliuliza kuhusu kupandikizwa mapafu, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba figo zinapandikizwa Muhimbili tangu mwaka 2017 na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu mwaka 2018. Nilielezwa kwa utulivu kwamba mapafu ni jambo lingine, kwamba ingebidi kusafiri nje ya nchi, kwa mfano India, na kwamba anayepandikizwa humeza dawa za kushusha kinga ya mwili maisha yake yote ili mwili usikikatae kiungo kipya, jambo linalotaka tahadhari kubwa kwa mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu. Kwangu mimi, basi, oksijeni ya nyumbani ndiyo tiba niliyo nayo, na ndiyo sababu ninaipima mashine hii kwa makini kuliko ninavyopima kifaa kingine chochote ndani ya nyumba.

Nimeandikiwa lita 2 kwa dakika, kwa muda usiopungua saa 15 kwa siku, usingizi ukiwemo. Muda huo una msingi wake: tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 1980 Marekani na mwaka 1981 Uingereza, zilizofanywa kwa wagonjwa wa mapafu yaliyoziba ambao oksijeni ya damu yao ilikuwa chini sana, zilionyesha kwamba waliopewa oksijeni kwa saa nyingi kila siku waliishi muda mrefu zaidi kuliko walioikosa au walioipata kwa saa chache. Ninalitaja hili kwa sababu watu wengi huniambia niwashe mashine ninapobanwa tu, kisha niizime nikipata nafuu. Mashine hii haitumiki hivyo. Kazi yake kubwa ni kuulinda moyo na viungo vingine visifanye kazi kwa damu yenye upungufu, na faida hiyo haipatikani kwa kuvuta robo saa jioni.

Utendaji wake ni rahisi kuuelewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi, na karibu yote inayobaki ni naitrojeni. Ndani ya mashine mna kompresa inayoisukuma hewa kwa nguvu kupitia mitungi miwili yenye punje za zeolaiti, ambazo huinasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite, na mitungi hiyo hupokezana: mmoja unapochuja, mwingine unaitema naitrojeni iliyonaswa. Ule mlio wa kupumua unaosikika kila baada ya sekunde chache ndio kupokezana huko. Mashine nzuri hutoa oksijeni ya karibu asilimia 93, nayo huhitaji dakika kadhaa tangu iwashwe kabla ya kufika kiwango hicho, kwa hiyo mimi huiwasha kwanza, nikanawa na kupanga mito, ndipo nikavaa mrija puani.

Nikiisifu kwa jambo moja, nitaisifu kwa usingizi. Kabla ya kuwa nayo niliamka na kichwa kizito kinachouma, nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Majuma machache baada ya kuanza kuitumia kila usiku, maumivu yale ya asubuhi yaliisha, nikaweza kukaa mezani nikala sahani nzima bila kutua kijiko ili nipumue. Hata hivyo sitaki mtu anunue akitarajia kwamba atapanda ngazi kama zamani. Oksijeni imeirekebisha damu yangu, lakini mapafu bado ni magumu, na kuhema ninapotembea kumepungua tu. Kilichonisaidia zaidi upande huo ni mazoezi niliyofundishwa kliniki: kutembea kidogo kila siku, na kutoa pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijua kabla ya kutoa fedha. Sokoni zipo mashine ndogo za bei nafuu zilizoandikwa lita 1 hadi 7, na maandishi makubwa kwenye boksi hutaja oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Soma maandishi madogo: nyingi kati ya hizo hutoa kiwango hicho katika lita 1 pekee, na kadiri unavyoongeza lita ndivyo oksijeni inavyochanganyika na hewa ya kawaida, hadi katika lita 7 unavuta kitu cha asilimia 30 hivi. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima mwenye ugonjwa wa moyo kupanuka, alinunuliwa mashine ya namna hiyo na wanawe kwa nia njema kabisa, na tulipompima oksijeni ya damu kidoleni akiwa ameivaa, namba haikupanda hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka mashine ya tiba itoe oksijeni isiyopungua asilimia 82 katika kila kiwango cha mtiririko ilichoandikiwa. Muulize muuzaji swali moja tu: katika lita 5, asilimia ni ngapi? Akisita, ondoka. Hakikisha pia ina taa au king'ora cha kuonya oksijeni inaposhuka, kwa sababu pua haiwezi kuitofautisha oksijeni na hewa.

Tahadhari hiyohiyo iende kwa mashine zilizotumika zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani. Za kule hutengenezwa kwa umeme wa volti 115 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), nasi tunatumia volti 230 na hezi 50. Transfoma itashusha volti lakini haitabadilisha hezi, kompresa itazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa, na oksijeni itapungua bila mtu kujua.

Kuhusu umeme, mashine yangu hula wati 350 hivi. Nikiiwasha saa 16 kwa siku, hizo ni zaidi ya uniti 5 kwa siku, yaani kama uniti 170 kwa mwezi, wakati wateja wadogo wa TANESCO wanaolipa bei ya chini ni wale wasiozidi uniti 75. Kwa maneno mengine, mashine hii peke yake inaihamisha nyumba kutoka kundi la bei nafuu, na gharama ya LUKU ndani ya mwaka ni fedha ambayo familia lazima ikae chini na kuipangia bajeti mapema, pamoja na bei ya mashine yenyewe, ambayo kwangu ilikaribia bei ya pikipiki mpya. Nimeweka pia stabilaiza, kwa sababu mtaani kwetu umeme hushuka sana saa za jioni, na kompresa haipendi umeme mdogo.

Umeme ukikatika, mashine hulia king'ora na kusimama. Ndiyo maana sishauri mtu yeyote aliyeandikiwa oksijeni ya saa nyingi anunue mashine bila mtungi wa akiba kando yake. Mtungi wa kawaida wa kubebeka huwa na lita 680 za gesi, ambazo kwa lita 2 kwa dakika hudumu saa 5 na dakika 40. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 hudumu zaidi ya siku mbili kwa kiwango hichohicho. Sisi tuna ule mdogo. Mke wangu amefunga spana kwa kamba shingoni mwa mtungi ili isitafutwe gizani, na usiku king'ora kikilia yeye hushuka kitandani kabla yangu, hufungua valvu taratibu nusu mzunguko, hutazama mshale wa regyuleta, kisha huuchomoa mrija kwenye mashine na kuuchomeka kwenye mtungi. Sijawahi kumwomba ajifunze hayo. Alimsimamisha mhudumu wa hospitali siku tunaruhusiwa, akamtaka amwonyeshe mpaka ameridhika.

Nilianza kuitumia mashine hii Arusha, kisha nikahamia Tanga kwa dada yangu, na tofauti niliiona kidoleni. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa asilimia 15 hivi kulinganisha na pwani, na kila pumzi hubeba oksijeni pungufu. Bila mashine, nikiwa nimekaa, oksimita, kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu, ilinisomea asilimia 84 au 85 Arusha, na Tanga husoma 88 au 89. Mwenye ndugu pwani na mwenye ugonjwa kama wangu na alizungumze hili na daktari wake. Lakini pwani ina adha yake pia: unyevunyevu huichosha zeolaiti, hasa mashine ikikaa muda mrefu bila kuwashwa, na joto linalotoka nyuma ya mashine hukigeuza chumba kidogo kuwa tanuri. Yangu nimeiweka ukumbini, sentimita 30 na zaidi kutoka ukutani, na mrija wa mita 10 unanifikisha chumbani na hata barazani. Wajukuu wamefundishwa kuuruka.

Matunzo yake si magumu. Sponji ya kuchuja vumbi huoshwa kila wiki kwa maji na sabuni na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Chupa ya kulainisha hewa huoshwa na kubadilishwa maji kila siku, nami hutumia maji yaliyochemshwa yakapoa ninapokosa yaliyokenekwa. Ya bomba moja kwa moja siyagusi. Pua hukauka na hata kutoa damu kidogo mwanzoni, na hapo watu wengi hukimbilia mafuta ya mgando. Usiyatumie. Mafuta ya namna hiyo hushika moto kwa urahisi palipo na oksijeni nyingi, kwa hiyo duka la dawa likupe jeli ya maji. Kwa sababu hiyohiyo jiko la mkaa, jiko la gesi, mishumaa na sigara vikae mbali, angalau mita 3, na mgonjwa asisogelee jiko akiwa amevaa mrija.

Oksimita nayo isiaminiwe kupita kiasi. Vidole baridi na hina kwenye kucha huivuruga, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi vipimo hivi huweza kusoma juu kuliko hali halisi ya damu. Kwa hiyo namba ikiwa nzuri lakini mwili unalalamika, nausikiliza mwili na kwenda hospitali. Wala siongezi lita kwa uamuzi wangu. Kwa baadhi yetu wenye mapafu yaliyoziba, oksijeni ikizidi, hewa chafu ambayo mwili hutakiwa kuitoa kwa pumzi (kabonidioksidi) hujikusanya mwilini na mtu huanza kusinzia hovyo, ndiyo maana lengo nililopewa ni 88 hadi 92, wala si 98 kama ya mtu mzima wa afya.

Mashine yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Huduma ya duka nililonunulia naipa moja. Waliniahidi fundi wa kuja kupima kiwango cha oksijeni kila baada ya miezi sita, na baada ya malipo simu zangu zilianza kujibiwa na mtu tofauti kila mara, kila mmoja akiomba nieleze tangu mwanzo. Mgonjwa anayepumua kwa shida hastahili kusimulia habari zake upya kila anapopiga simu. Hatimaye fundi wa vifaa tiba wa hospitali ya mkoa alinipimia kwa kifaa chake, akakuta asilimia 91, akanionyesha saa ya ndani ya mashine inayohesabu muda iliofanya kazi, na kuniambia niiandike kila mwisho wa mwezi.

Zeolaiti yangu itafika wakati wa kubadilishwa, na kwa Tanga bado sijampata anayeifanya kazi hiyo kwa vipuri halisi. Anayemfahamu fundi wa namna hiyo, hapa au Dar es Salaam, naomba anielekeze, na kama anatoa risiti na dhamana ya maandishi, anitajie pia bei.