Ushirika wa trekta nyuma ya Malindi: uzoefu wangu kama mwanachama

Anayejiuliza kama ajiunge na chama cha ushirika wa mashine huku kwetu, kuanzia Ganda na Goshi hadi Kakuyuni na Langobaya, jibu langu ni hili: jiunge kwa ajili ya ripa, lile jino la trekta la kupasua ardhi, na mashine ya kupukuchua mahindi. Ukijiunga kwa sababu ya plau, utalalamika. Watu huuliza bei kwanza, na bei kweli ni nafuu kuliko trekta ya mtu binafsi: plau Sh 3,000 kwa ekari, ripa Sh 2,500, kupukuchua Sh 60 kwa gunia la kilo 90. Lakini chama cha namna hii hakipimwi kwa bei. Kinapimwa kwa foleni: nani kapangwa kabla ya nani, na nani ana uwezo wa kuibadilisha orodha ikishabandikwa ukutani.

Kujiunga ni rahisi. Unalipa kiingilio, halafu hisa kulingana na ekari unazotaka kuhudumiwa. Ukiandikisha 3, umehakikishiwa 3. Ekari ya 4 itasubiri wenzako wamalize. Mpango huu si wa kwetu peke yetu. Ufaransa vyama vya wakulima vya kutumia mashine kwa pamoja, vinavyoitwa CUMA, vipo tangu 1945 na mtaji wa mwanachama hufuata kiasi cha kazi anachokiahidi. Kura lakini ni moja kwa kila mtu, awe na ekari 2 au 40. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya, Sura ya 490, na sheria hiyo hiyo haimruhusu mwanachama mmoja kushika zaidi ya sehemu moja ya tano ya hisa zote. Wenye mashamba makubwa kando ya lami hawalipendi hilo, na ndilo linalofanya trekta ifike Langobaya.

Sasa hesabu ya plau, ambayo kila mwanachama mpya angefaa kuonyeshwa kabla hajatoa pesa. Trekta ya hospawa 75 yenye plau ya sahani 3 hulima upana wa kama sentimita 90. Mwendo ni kilomita 5 kwa saa. Ondoa robo ya muda kwa kugeuza, kuzibua majani na kusogea konde hadi konde. Ekari moja inakula saa moja na dakika kumi hivi. Kwa siku ya kazi ya saa 8 unapata ekari 6 au 7. Masika huku huanza mwisho wa Machi au Aprili, na kila mtu anataka kulimiwa katika wiki 2 za mwisho kabla ya mvua. Toa Jumapili, zinabaki siku 12, yaani ekari 80 kama hakuna kilichovunjika. Ekari zilizoandikishwa zikiwa 200, kamati iwe ya waadilifu kiasi gani, 120 zitalimwa kwenye tope au hazitalimwa kabisa.

Chama kinajitahidi. Trekta haitoki uwanjani mpaka kijiji kiwe na ekari 8 zilizolipiwa, ili dizeli isiishie barabarani. Na trekta ikianzia Langobaya msimu wa masika, vuli inaanzia Ganda. Mzunguko huu ni wa haki na unaheshimiwa. Kasoro yake ni kwamba unahesabu vijiji na kusahau udongo. Udongo mweusi wa kando ya mto Sabaki ukishanyeshewa vizuri huuingii tena kwa siku nyingi: magurudumu yanateleza, na plau inakata mabonge yanayokauka kuwa matofali. Mchanga mwekundu ni kinyume chake, mvua ya kwanza ikipita ndiyo unalimika vizuri. Orodha ingeanza na makonde yote ya udongo mweusi, kijiji chochote, kisha ya mchanga mwekundu, chama kingeokoa ekari nyingi bila kununua hata boliti. Nimelisema mkutanoni, likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na huko ndiko liliko.

Ripa ni habari nyingine. Hapa ndipo pesa ya mwanachama inapofanya kazi. Jino la ripa linachimba mfereji mwembamba wenye kina cha sentimita 25 na kuacha ardhi iliyobaki bila kuguswa. Mbegu na mbolea huwekwa kwenye mfereji. Kwa meno 2 yaliyoachana sentimita 75, ekari inamalizika ndani ya saa moja na dizeli ni pungufu sana ya ile ya plau. Zaidi ya hapo, kazi yake ni ya kiangazi. Januari hadi mwanzo wa Machi, wakati wa kaskazi, trekta imekaa tu, foleni haipo, na ndio wakati ripa inatakiwa. Ardhi ikiwa kavu, jino linapasua ile sakafu ngumu iliyotengenezwa na plau miaka nenda miaka rudi, na nyufa zinasambaa pembeni. Ikiwa na unyevu, linapita kama kisu kwenye sabuni na hakuna kinachopasuka. Kwa hiyo usikubali kuripiwa baada ya mvua hata ukipunguziwa. Chimba kwanza kwa jembe la mkono, chukua donge la kina cha sentimita 20 ulifinye: likivunjika vipande, mwite dereva; likibonyea, acha.

Kwenye miteremko ya Magarini ripa ina faida ya pili, kwani haiachi mchanga wazi kuchukuliwa na maji. Wazee wa kule waliona jinsi matingatinga ya mradi wa makazi uliofadhiliwa na Australia yalivyosafisha msitu, na udongo ukafuata maji. Kinachovunja meno ni visiki na, karibu na pwani, mawe ya matumbawe yaliyojificha chini. Jino lina boliti inayokatika yenyewe likigonga kitu kigumu, na hiyo boliti ndiyo bima ya mashine. Utingo asiye na boliti ya akiba atatafuta chuma chochote kigumu aweke. Jino likigonga tena, chuma hicho hakitakatika, utapinda mhimili mzima. Kabla trekta haijaingia kwako, muulize tu ana boliti ngapi za akiba. Na visiki vyako vifunge kitambaa au vipake chokaa. Chama kinakulipisha jino ukivificha.

Upimaji wa ekari huleta ugomvi kuliko kitu chochote. Desturi ni hatua 70 kwa 70, lakini hatua za dereva mrefu na za mama mwenye konde si sawa. Ekari kamili ni mita za mraba 4,047, mraba wa karibu mita 64 kila upande. Karani hutumia simu, anazunguka konde na programu inampa jibu. Kwa ekari 5 simu inatosha. Kwa nusu ekari, yenye kama mita 45 kila upande, simu ikikosea mita 3 upande mmoja tayari ni asilimia 7 ya malipo yako. Wenye vipande vidogo nunueni kamba ya mita 50 kwa pamoja, mpime wenyewe mbele ya karani, na namba iandikwe kwenye risiti kabla plau haijateremshwa. Jueni pia kwamba trekta inahitaji kama mita 6 kila mwisho wa konde kugeuza, na hizo zinahesabiwa hata zikilimwa vibaya.

Planta, mashine ya kupandia mbegu, ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote hapa chamani, na kosa si la planta. Dereva anatoka konde la kunde hadi la mahindi bila kubadilisha sahani ya mbegu, au anaibadilisha na hapimi. Kupima hakuchukui hata nusu saa. Inua planta ili gurudumu lake linaloendesha sahani lizunguke hewani. Pima mzingo wa gurudumu kwa kamba. Tuseme ni mita 1.5. Lizungushe mara 20, sawa na kutembea mita 30. Ukitaka mahindi ya sentimita 30 shimo hadi shimo, kila mstari uangushe mbegu 100. Zikija 80, tundu za sahani ni ndogo kwa mbegu zako au mbegu zinakwama. Zikija 130, tundu ni kubwa na zinapita mbili mbili. Mbegu ya mahindi ya Pwani Hybrid ya pakiti moja inaweza kuwa ya punje bapa na nyingine ya punje mviringo, kwa hiyo pima kila unapofungua mfuko wenye punje tofauti.

Mbolea nayo ipimwe papo hapo. Mistari ikiwa sentimita 75, ekari moja ina karibu mita 5,400 za mstari. Mfuko wa kilo 50 wa DAP ukigawanywa humo ni gramu 9 na kitu kwa mita, kwa hiyo zile mita 30 zitoe kama gramu 280 kwa kila mrija. Kinga kwa mfuko wa plastiki, pima kwenye mizani ya duka. Halafu angalia mbolea inapoangukia: iwe sentimita 5 pembeni ya mbegu na 5 chini yake. Ikigusa mbegu inaiunguza, na utalaumu kampuni ya mbegu bure.

Kuna mambo mawili ya hali ya huku. Kwenye mchanga mlaini gurudumu la planta huburuzika bila kuzunguka, na utaona mistari yenye mapengo ya hatua nzima. Dawa ni kupunguza mwendo hadi kilomita 4 kwa saa na kuongeza uzito juu ya planta. La pili ni unyevu wa bahari. DAP ikilala kwenye sanduku usiku mmoja inalowa na kugandia mirija. Sanduku lisafishwe jioni, kila jioni. Utingo wetu analijua hilo. Tatizo ni kwamba malipo yake ni kwa ekari, na kusafisha hakulipiwi.

Kupukuchua, kwa upande mwingine, wanafanya vizuri, na hapo foleni ni fupi kwa sababu mavuno hayaivi siku moja. Mashine inaendeshwa na shafti ya nyuma ya trekta, ya mizunguko 540 kwa dakika. Dereva anayebana dizeli hushusha mzunguko: punje zinabaki kwenye magunzi na mashine inaziba. Anayeharakisha hupandisha: punje zinavunjika, na punje iliyovunjika ndiyo mlango wa ukungu na sumukuvu, ambayo kiwango chake cha juu kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 10 tu kwa bilioni. Kwa joto na unyevu wetu si jambo la kuchezea. Tandika turubai nyuma ya kinywa cha upepo kwa dakika chache za kwanza. Ukiona punje nzima zinaruka pamoja na makapi, feni inapuliza sana; mwambie apunguze kabla hajaendelea.

Mahindi yako nayo yawe tayari. Ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Chama kina kipimo kimoja na hakipatikani ukikihitaji, basi tumia chupa na chumvi: chupa kavu ya kioo, punje kadhaa, chumvi iliyokaushwa juani, tikisa vizuri, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Na asikaribie shafti mtu aliyevaa kikoi, leso au kanzu, hata kama kifuniko cha shafti kipo. Kwenye mashine ya chama kifuniko kipo nusu.

Matengenezo: oili ya injini inabadilishwa kila saa 250 kwa mita ya trekta, na daftari la hilo liko ofisini, mwanachama yeyote anaruhusiwa kulisoma. Lisome. Mwaka huu lilionyesha oili imebadilishwa kwa wakati lakini filta ya hewa haikuandikwa kitu, na kwa vumbi la Kakuyuni filta hiyo inataka kuangaliwa kila siku ya kazi. Trekta ikianza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu, anzia hapo kabla ya kumwita fundi wa pampu kutoka mjini. Dizeli ya madramu pia huja na maji. Lile bakuli la kioo chini ya tangi limwagwe asubuhi kabla ya kuwasha. Kila saa ya kazi hukatwa fungu la spea linaloingia akaunti ya pekee. Kwenye mkutano mkuu, ambao sheria inataka ufanyike ndani ya miezi 4 baada ya mwaka wa fedha kuisha, ulizeni salio la akaunti hiyo kabla ya kuuliza gawio. Gawio likiwa nono na salio likiwa jembamba, mwaka ujao klachi ikiisha mtachangishwa.

Malipo ni kwa M-Pesa ya chama na risiti hutoka siku hiyo hiyo. Kwa hilo sina lawama. Lawama yangu ni ya dereva kupewa "ya maji" pembeni ili aruke konde moja. Kamati inajua. Orodha ikipigwa picha asubuhi na kutumwa kwenye kundi la simu la kijiji, mchezo huo unapungua sana, na vijiji vinavyofanya hivyo havingoji ruhusa ya mtu.

Mwenye ekari moja iliyobanwa na minazi, miembe na mikorosho asinunue hisa. Trekta haiwezi kugeuka humo bila kukata mizizi, na muda wa kuzungukazunguka utafanya dereva akukwepe. Tafuta jembe la ng'ombe au la mkono, kisha lipa kama mgeni siku ya kupukuchua tu: ni Sh 80 kwa gunia, na turubai wanakuja nalo.