Kebini ya mtumba kwa trekta la kazi: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Muuzaji wa kebini kuukuu atakuonyesha vioo, milango na rangi. Wewe inama, anzia chini. Miguu ya kebini, yaani mabano yanayoifunga kwenye ekseli ya nyuma na kwenye madigadi, ndiyo itakayoamua kama kazi itaisha kwa spana au utakuwa unakata na kuchomelea hadi msimu upite. Kioo kilichopasuka kinapatikana, hasa kikiwa bapa, maana fundi yeyote wa vioo atakikata. Mabano yaliyopotea ya kebini isiyotengenezwa tena ni habari nyingine.

Ukishaona miguu, tafuta kibamba cha chuma chenye namba ya cheti na modeli za matrekta ambazo kebini hiyo ilijaribiwa nazo. Kibamba hicho ndicho kinachotenganisha kebini ya usalama na kebini ya hali ya hewa. Ya usalama ina fremu iliyopimwa kuhimili trekta likipinduka. Ya hali ya hewa ni bati na vioo vya kuzuia mvua, vumbi na baridi, na trekta likilala chali inasinyaa pamoja na wewe. Sweden ilianza kulazimisha kinga ya kupinduka kwa matrekta mapya mwaka 1959, Uingereza mwaka 1970, kwa hiyo kebini nyingi zilizozeeka zaidi ya hapo ni za hali ya hewa tu, hata zikionekana nene. Unene wa bati usikudanganye.

Nafasi ya kwanza naipa kebini ya usalama iliyotengenezwa kwa modeli yako hasa, yenye kibamba, mabano yote, na nguzo zisizo na kutu ya ndani. Nasema modeli, si chapa. Hata modeli moja hubadilika: Massey Ferguson 135 lilitoka na madigadi ya aina zaidi ya moja, na kebini iliyokusudiwa yale ya mviringo haitakaa vizuri juu ya yale bapa. Gonga nguzo kwa nyundo ndogo pale zinapokutana na sakafu. Kutu hupenda kukaa hapo, chini ya raba na matope. Fremu iliyokunjika au iliyowahi kuchomelewa, achana nayo, kwa kuwa cheti chake kimekufa hata kama kibamba bado kinang'aa.

Ya pili ni kebini nyepesi ya hali ya hewa inayozunguka fremu ya usalama ambayo trekta lako tayari linayo. Ni chaguo zuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa sharti moja: ishikwe kwa vibano. Ukitoboa fremu ya usalama au kuichomelea hata kipande kidogo, umeidhoofisha mahali ambapo hakuna aliyepima. Mkanda wa kiti unafungwa palipo na fremu ya kweli. Kwenye kebini ya hali ya hewa peke yake, mkanda unakufunga ndani ya kitu kitakachobonyea.

Ya tatu ni paa juu ya fremu ya usalama, na turubai za pembeni zenye madirisha ya plastiki. Haina sifa, lakini anayefanya saa chache kwa wiki na shida yake kubwa ni jua hana haja ya zaidi. Plastiki itakwaruzika na kuwa na ukungu, ibadilishe, usiisugue.

Kebini ya trekta lingine, inayotakiwa kupunguzwa hapa na kuongezwa pale, naiweka chini kabisa pamoja na ile ya kubuniwa gereji. Bei yake huvutia, halafu kila kitu kinagongana.

Na kugongana huko ndiko kwa kukagua kabla ya kutoa pesa, hata kwa kebini ya nafasi ya kwanza. Kaa kwenye kiti, futi ya kupimia mkononi. Klachi na breki zinafika mwisho bila kugusa sakafu mpya? Mkono wa gia ukiwa nyuma kabisa unapita? Mikono ya haidroliki ya nyuma na ule wa shafti inayoendesha zana, utaifikia bila kujipinda, na dirisha la nyuma linafunguka? Mafuta ya haidroliki utamiminia wapi, na betri utaitoa vipi? Kama kuna kijiko cha mbele, mlango hukwama kwenye nguzo zake mara nyingi. Eksozi nayo ipite mbali na mlango, na matundu yote ya sakafu yazibwe kwa raba, kwa sababu kebini inayovuta moshi wa injini ni chumba cha sumu.

Umeme husahaulika. Taa moja ya kazi ya wati 55 kwenye volti 12 inakula karibu ampea 4.6. Weka nne, ongeza waipa na feni ya hita, na dainamo ya zamani ya ampea 22 imeshazidiwa. Betri ndiyo itakayolipa. Panga kuweka alteneta tangu mwanzo, na uhakikishe kwanza kama trekta lako limeungwa chanya kwenye chesi, jambo la kawaida kwa matrekta ya zamani, kwani alteneta iliyoungwa kinyume huungua mara moja. Hita ya maji haina maana kwa injini inayopozwa kwa hewa.

Kuhusu kelele, kebini tupu ya bati huvuma kama pipa na inaweza kuwa mbaya kuliko kukaa nje. Kebini inayokaa juu ya raba nzima, yenye zulia zito sakafuni na spongi darini, ni afadhali. Bila hivyo vaa vizibo masikioni.

Usinunue kebini kuukuu ukidhani itakukinga na dawa za kunyunyizia. Kipimo cha Ulaya cha EN 15695 kina ngazi nne, na ni ya nne peke yake inayozuia vumbi, matone na mvuke kwa pamoja. Kebini yenye mianya milangoni haimo kabisa kwenye hesabu hiyo, hivyo barakoa na glavu zinabaki palepale.

Ukikubaliana bei, ifungue mwenyewe au uwepo inapofunguliwa. Piga picha kila bano, funga bolti zake palepale kwa waya, na uinyanyue kwa winchi ya mnyororo kwa kuishika kwenye nguzo, si kwenye paa. Kabla ya hayo yote, pima urefu wa mlango wa banda lako. Baada ya saa chache za kwanza za kazi, kaza bolti zote upya.