Jezi za nyota kumi kutoka kwa fundi wa Mtaa wa Biashara

Vijana ninaowafundisha mpira wa kikapu hapa Mombasa waliponiambia kwamba jezi mpya wanazozitaka ni za mfano wa timu ya taifa ya wanaume ya Cape Verde, sikushangaa, kwa sababu ni mimi niliyewaketisha mbele ya runinga mwezi wa Agosti mwaka 2023, wakaitazama ikicheza Kombe la Dunia kule Okinawa, Japani. Tatizo lilikuwa mahali pa kuzipata. Maduka ya michezo mjini yamejaa jezi za vilabu vya kandanda vya Uingereza na za timu za Marekani, na sijaona hata moja linaloweka jezi ya nchi ya visiwa ambayo wakazi wake wote hawafiki nusu ya wakazi wa kaunti yetu. Ikabidi tushonewe.

Duka tulilolichagua limo kwenye kichochoro karibu na Mtaa wa Biashara, hatua chache kutoka kwa wauza leso. Ni chumba kimoja chenye vyerehani vitatu, ovaloki moja, kompyuta ya kuchorea na mashine ya joto inayopenyeza rangi ndani ya kitambaa. Mwenye duka ni mzee aliyeanza kazi kwa kushona kanzu, na ustadi huo wa kanzu bado unaonekana kwenye shingo za jezi zake, ambazo hulala sawasawa bila kukunjamana. Bei ilikuwa shilingi 1,400 kwa jezi na kaptura, nusu ikitangulizwa.

Jambo lililonipendeza kuliko yote ni upimaji. Mafundi wengi huuliza tu saizi kisha wakaandika kwenye daftari, lakini mzee huyu aliwapima vijana wote kumi na wawili mmoja mmoja, na baada ya kumvalisha kijana wetu mrefu jezi ya mfano alimwambia ainue mikono yote miwili kana kwamba anarusha mpira kikapuni. Jezi ikachomoka kwenye kaptura na tumbo likaonekana. Akaguna, akachukua chaki, akaongeza inchi nne kwenye urefu na kupanua mkato wa kwapa. Katika miaka yangu yote ya kuagiza jezi sijawahi kuona fundi akimpima mchezaji katika hali ya kucheza, ilhali hiyo ndiyo hali atakayoivalia.

Kosa lilitokea kwenye nyota. Bendera ya Cape Verde ni ya buluu, yenye mistari ya nyeupe na nyekundu na duara la nyota kumi za manjano, nyota moja kwa kila kisiwa, na tulitaka duara hilo likae kifuani juu ya namba. Niliporudi kuutazama mchoro, nilihesabu nyota tisa. Nilihesabu tena kwa kidole.

«Ami,» nikamwambia, «visiwa ni kumi.»

«Basi, mwanangu, kimoja nimekizamisha,» akanijibu. «Nitakirudisha.»

Alikuwa tayari ameshachapisha jezi mbili, naye akazirudia kwa gharama yake bila mabishano. Huenda mtu akaniona msumbufu kwa ajili ya nyota moja. Lakini timu hii ilipata ushindi wake wa kwanza wa Kombe la Dunia kwa kuifunga Venezuela 81–75, baada ya kufungwa na Georgia 85–60, kisha ikaikabili Slovenia ya mchezaji mashuhuri Luka Dončić na kufungwa 92–77. Vijana wangu wanazikumbuka namba hizo kwa moyo. Yule mrefu alichagua 22, ambayo Edy Tavares, mchezaji wa timu hiyo ya taifa, huivaa katika timu ya kikapu ya Real Madrid, kwa kuwa anajua kwamba Tavares alizaliwa katika kisiwa kidogo cha Maio na hakuanza kuusomea mchezo huu hadi alipochukuliwa na klabu ya Gran Canaria ya Uhispania akiwa na umri wa miaka 17. Kijana anayejifunza kurusha mpira kwenye ubao uliopasuka anaihitaji habari ya namna hiyo, na jezi inayoibeba habari hiyo haifai kupungukiwa na kisiwa.

Kazi ilichukua siku 17 badala ya saba tulizoahidiwa, na marudio ya nyota yalikula mbili tu kati ya hizo, kwa hiyo anayejiandaa kwa mashindano aagize mapema. Namba zilitimiza kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, yaani sentimita 16 mgongoni na 8 kifuani; nilizipima mwenyewe kwa rula. Baada ya kufuliwa mara nne kwa maji yetu ya kisima yenye chumvi, rangi ya buluu haijapauka hata kidogo, kwani imo ndani ya nyuzi. Udhaifu uko kwenye namba nyeupe, ambazo zilibandikwa juu ya kitambaa: jezi tatu zimeanza kubanduka pembeni. Mzee alizipiga pasi upya bure, ila ningemshauri mteja aombe tangu mwanzo namba zipenyezwe pamoja na rangi nyingine. Mpira wa kiunoni mwa kaptura pia ni mlegevu, na tumelazimika kutia kamba.

Pamoja na hayo, nimempelekea agizo la pili, la jezi nyeupe, kwa kuwa timu inayotajwa kwanza kwenye ratiba hutakiwa kuvaa rangi nyepesi. Ni yeye aliyetambua kwamba nyota za manjano zingepotea juu ya weupe, akapendekeza ziwekwe ndani ya mviringo wa buluu. Kabla sijaondoka, aliugeuza uso wa kompyuta upande wangu na kuzihesabu kwa sauti hadi kumi.