Chozi wawili wa Mwanza, na namna ya kuwatofautisha

Wote ni ndege wa familia ya Nectariniidae, wote wana mdomo uliopinda, na madume yao yana kifua chekundu. Ndiyo maana watu huwachanganya. Tazama mkia wa dume. Cinnyris erythrocercus ana manyoya mawili marefu katikati, na wekundu wake ni mkanda tu chini ya koo linalometameta. Huyu hupenda kukaa karibu na maji: vichaka vya ufukweni, kingo za mafunjo, bustani za kando ya ziwa. Chalcomitra senegalensis ana mkia mfupi, mwili mweusi-kahawia, kifua kizima chekundu kama kaa la moto. Yeye utamkuta hata mashambani, mbali na ziwa.

Moyo wangu uko kwa yule wa ufukweni. Leo asubuhi alining'inia kwenye ua la mgomba, mkia ukitetemeka.