Randa ya chuma ya shilingi 2,800: nimekaa nayo miezi minne, masika yote

Haya, karibuni tena. Huo mngurumo mnaousikia ni jenereta ya jirani. Hapa Kisauni, Mombasa, umeme umepotea tangu asubuhi, lakini leo hautunyimi kitu, maana kifaa cha leo hakina waya.

Leo ni randa, kifaa cha kulainisha mbao. Hii hapa. Randa ya chuma, ile wanayoiita namba 4, kisu upana wa inchi 2, mwili kama inchi 9 na nusu. Niliinunua Mwembe Tayari mwezi wa tatu kwa shilingi 2,800. Jina la kampuni nimelifunika kwa tepu makusudi, kwa sababu chuma hiki hiki utakikuta duka la pili kwa jina lingine na rangi nyingine. Na umbo lenyewe si la hao wote. Ni la Mmarekani mmoja, Leonard Bailey, na kampuni ya Stanley ilinunua hataza zake, yaani haki za uvumbuzi wake, mwaka 1869. Tangu hapo dunia nzima inanakili. Kwa hivyo hata kama yako si hii, sikiliza tu, shida ni zile zile.

Siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo wengi wetu tunalifanya. Nilitoa randa kwenye boksi, nikafuta ile grisi, nikaiweka juu ya ubao wa saiprasi, nikasukuma. Jamani! Ilirukaruka kama tuktuk kwenye matuta. Ubao ukabaki na makwaruzo kama umepitiwa na paka. Nikarudi dukani, muuzaji akaitazama grisi iliyofutwa, akaniambia, "Shekhe, hii umeshaitumia." Mazungumzo yakaishia hapo.

Basi nikaifungua yote, nikaitandaza mezani. Na hili ndilo ninalotaka mlielewe kabla hamjatoa pesa: kwa bei hii hununui randa, unanunua vyuma vya kutengenezea randa. Ya maana ni matatu.

La kwanza ni kitako, huu uso wa chini. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona nikisimamisha rula ya chuma hapa, nikaielekeza dirishani? Ilipokuwa mpya, mwanga ulipita katikati, karibu na mdomo, huu upenyo kinapotokea kisu, pale pale panapotakiwa kukandamiza mbao. Dawa yake ni kipande cha kioo kinene, mimi nilitumia kioo cha meza iliyovunjika miguu, na msasa namba 80 juu yake. Chora mistari ya kalamu nzito kitako kizima, sugua, tazama mistari ipi imebaki. Ikibaki, hapo ni bonde. Ukimaliza namba 80, nenda 120, kisha 180, inatosha. Usihangaike kung'arisha kama kioo cha kinyozi. Cha muhimu ni mbele, nyuma, na kandokando ya mdomo viguse pamoja.

Na jambo moja hapa, mimi lilinigharimu saa nzima: sugua kitako huku kisu kikiwa ndani, kimekazwa kama siku zote, ila kimerudishwa juu kisiguse msasa. Ukikaza kisu, mwili wa randa unajipinda kidogo sana. Ukisugua bila kisu, utanyoosha kitako, halafu utakaza kisu na kitako kitapinda upya. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Nilimaliza karatasi saba za msasa na vipindi viwili vya redio.

La pili, kisu. Kisu cha dukani kina umbo la makali, lakini makali hakina. Pembe yake ya kiwandani ni nyuzi 25, na ya kunolea mimi naiweka 30. Sasa nani ana kipima pembe nyumbani? Pima unene wa kisu. Huo mteremko wa kwenye makali ukiwa na urefu mara mbili kamili ya unene, hapo umepata nyuzi 30. Kisu cha milimita 2, mteremko milimita 4. Ukiwa mrefu zaidi kidogo, milimita 4.7 hivi, hiyo ni 25. Rula ya mtoto wa shule inatosha.

Kabla ya hapo geuza kisu, nyoosha mgongo wake. Si wote, hii sentimita moja au mbili ya mwisho tu. Watu wengi hawagusi mgongo kabisa, halafu wanalalamika kinoo hakifai. Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana. Ukinoa mmoja ukauacha wa pili na mikwaruzo ya kiwandani, bado una msumeno. Noa mpaka uhisi kidole kinakwaruzwa kidogo upande wa pili, ndipo ugeuze, uondoe hicho kiukingo. Wengine hujaribu kwa kunyoa nywele za mkono. Mimi mkono wa kushoto sina tena nywele, kwa hivyo siku hizi najaribu kwenye kichwa cha ubao laini, pale ulipokatwa. Kikipita na kuacha uso unaong'aa, tayari.

La tatu ni hiki chuma kinachokaa mgongoni mwa kisu. Kazi yake ni kuvunja maranda, hivi vipande vyembamba vya mbao vinavyotoka, kabla hayajaanza kuchana mbao. Changu kilikuwa na mwanya, maranda yakaingia chini yake kama karatasi mlangoni, mdomo ukaziba kila baada ya hatua mbili. Sugua ukingo wake kwenye kinoo mpaka ulale kwenye kisu bila mwanga kupita. Uweke nyuma ya makali kama milimita 1. Kwa mbao korofi, nusu milimita.

Gurudumu la kushusha kisu nalo, tazameni. Nazungusha... nazungusha... bado halijashika chochote. Karibu mzunguko mzima ni wa bure. Hili sikulirekebisha, nimelizoea. Ukitaka kupunguza kina, rudisha kisu juu kupita unapopataka, kisha malizia kwa kushusha. Daima mwisho uwe kushusha. Ukimalizia kwa kupandisha, kisu kitateleza juu ukiwa katikati ya kazi, na utadhani umepoteza nguvu.

Sasa sikilizeni. Saiprasi ile ile. Ssssss. Mnaona hili randa jembamba la mbao lilivyotoka zima, kutoka mwanzo mpaka mwisho wa ubao? Shika uone, unaweza kusoma gazeti kupitia hili.

Kwenye mwembe, inateleza vizuri. Kwenye mvule ni hadithi nyingine. Nyuzi za mvule hupishana, ukanda mmoja unaelekea huku, wa jirani yake kule, kwa hivyo hakuna upande utakaouridhisha wote. Hapo ndipo ile nusu milimita inapofanya kazi, na kisu kitoke kidogo mno. Tena mvule una vijiwe. Si fumbo, ni chokaa inayoganda ndani ya mti. Nilikutana na kimoja, kikaning'oa kipande cha makali, nikanoa upya jioni nzima. Na ukipiga msasa mvule, funika pua na mdomo, vumbi lake linawasha na linabana kifua.

Ujanja mwingine wa haraka: paka mshumaa kwenye kitako, mstari mmoja tu wa kupinda. Ami yangu, fundi wa milango, alikuwa anaweka kipande cha mshumaa nyuma ya sikio, pale wenzake wanapoweka penseli. Nilidhani ni mzaha mpaka nilipopaka mwenyewe.

Kutu. Hapa kwetu huwezi kukwepa. Usiku mmoja wa mwezi wa tano niliiacha juu ya meza, asubuhi nikakuta vidoa vya rangi ya chai, na alama za vidole vyangu zote zimeonekana, kama polisi wamekuja. Sasa kila nikimaliza naifuta kwa mafuta ya cherehani, naizungusha fulana kuukuu, naitia boksi lenye vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Nilijaribu mafuta ya nazi pia. Kutu haikuja. Walikuja siafu.

Je, uinunue? Kama una jioni mbili na kinoo, ndiyo, mimi sijutii. Kama unataka kuitumia leo leo, tafuta kuukuu, zile Stanley au Record za Sheffield, Uingereza, zinazotokea kwa wauza vyuma chakavu. Utasugua kutu lakini chuma chake ni kizuri zaidi. Randa ya umeme? Ina kasi, ila ninaishi ghorofa ya pili na nina majirani.

Nimalizie na mlango wa mama wa chini, maana ndiyo kazi iliyonifanya ninunue randa. Ulikuwa unakwama tangu mvua zianze. Fundi aliyetangulia alitaka kuupunguza milimita 5. Nikamwambia, mama, usikubali. Mbao hunenepa kwa upana ikinywa unyevu, urefu wake haubadiliki sana, na kaskazi ikianza kuvuma utapungua tena. Ukiukata sasa hivi mpaka ufunguke raha mustarehe, mwezi wa kwanza paka atapita pembeni. Nilipaka chaki kwenye fremu, nikafunga mlango, nikaona chaki imeshika wapi: sehemu mbili tu, juu ya kitasa na karibu na bawaba ya chini. Nikapitisha randa mara nne hapa, mara tatu pale. Halafu nikapaka vanishi kwenye ukingo niliouchuna, maana hapo ndipo maji yanapoingilia.

Unafunga kwa kusukumwa kidogo. Ameniuliza mbona hausikiki laini kabisa. Nimemwambia anisubiri mpaka Januari.