Mrejesho wa vitabu viwili vya Lynn Nottage nilivyoagiza Dar mpaka Mtwara

Tembo anakufa mwanzoni kabisa, halafu ndo hadithi inaanza. Nimeanza na hilo makusudi maana ndo lililoninyima usingizi siku kitabu kimefika, na wengi mmeniuliza kama hela niliyotoa imerudi, jibu langu ni imerudi, ila kuna mambo ya kujua kabla na wewe hujaagiza kwahiyo vumilieni, ntaandika kirefu.

Nilichonunua ni vitabu viwili vya tamthilia vya mwandishi wa Marekani anaitwa Lynn Nottage. Kimoja kinaitwa Mlima's Tale, kisa cha Mlima, na huyo Mlima ni jina la tembo, Kiswahili hiki hiki chetu. Cha pili Ruined. Niliviagiza kwa muuza vitabu mmoja wa Dar kwa WhatsApp, vyote viwili pamoja na kusafirisha vimenitoka 86,000. Ni hela nyingi najua, hasa kama korosho zako bado ziko ghalani. Vikapanda basi, jioni napigiwa simu nikachukue stendi ya Mkanaledi, nimefika naambiwa mzigo hauonekani, nimesubiri karibu saa zima na bodaboda wangu anahesabu muda, mpaka konda akakumbuka kaushusha chini ya magunia ya vitunguu. Kona moja ya Ruined imelowa na kujikunja. Mengine salama, karatasi nzuri nzito, gundi imeshika, nimekifungua fungua mwezi mzima hakuna ukurasa uliochomoka. Maandishi madogo kidogo kwa wanaosoma usiku kwa taa ya sola.

Sasa huyu mwandishi ni nani, maana hapa kwetu jina lake halijulikani na mimi naona tunapoteza.

Kazaliwa Brooklyn, New York, 1964. Mama yake mwalimu na baadae mwalimu mkuu, baba yake mwanasaikolojia wa watoto. Kasoma chuo kikuu cha Brown halafu Yale kwenye shule ya drama, kamaliza 1989, na hapo ndo naanza kumpenda, maana mtu ametoka Yale na shahada ya kuandika tamthilia, we ungetegemea aende stejini moja kwa moja, yeye akaenda kufanya kazi Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu, upande wa habari, miaka minne. Miaka minne kila siku mezani kwako zinapita taarifa za watu waliofungwa, waliopigwa, waliopotezwa. Na inasimuliwa kwamba kilichomrudisha kwenye kuandika ni picha za wanawake waliopigwa na wanaume zao, akaziona kazini, akajifungia akaandika tamthilia fupi inaitwa Poof!, mwanamke mumewe mkorofi anawaka na kubaki jivu hapo hapo jikoni. Ilichezwa 1993 kule Louisville ikamfungulia njia.

Sisomi maisha ya waandishi kwa udaku, nayasoma kuangalia mkono wao unafanyaje kazi. Na mkono wa huyu mama ni kwamba anaenda kukaa na watu kwanza. Anasikiliza mpaka wenyewe wamechoka kuongea, kalamu baadae.

Ruined ndo mfano. Mwaka 2004 alienda Uganda pamoja na mwongozaji anaitwa Kate Whoriskey, kichwani ana wazo la kuchukua tamthilia ya zamani ya Brecht, mwandishi wa Kijerumani, ile ya mama anayefanya biashara katikati ya vita, aihamishie Congo. Kampala wakakutanishwa na wanawake wa Kikongo waliokimbia vita. Wakaja, wakakaa, mmoja mmoja wakasimulia waliyofanyiwa na askari, wa serikali na wa msituni, wote. Baada ya kuwasikia akaona ile tamthilia ya Brecht haitoshi kubeba maneno yale, akaiweka pembeni akaandika ya kwake. Inatokea kwenye baa ya Mama Nadi, mji mdogo wa machimbo kwenye msitu wa Ituri, huyo Mama Nadi anawapa wasichana hifadhi na wakati huo huo anawauza, leo anahudumia wanajeshi kesho waasi, risasi zinaachwa kaunta. Hapo nje kuna koltani, madini haya haya yanayoingia kwenye simu unayosomea sasa hivi.

Ilianza kuchezwa Goodman Theatre, Chicago, mwishoni mwa 2008, mwaka uliofuata ikapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani.

Mimi Ruined niliisoma kwa siku tatu kwa sababu nilikuwa naifunga naiweka chini. Mtu wa Dodoma anaweza akaisoma kama mambo ya mbali, sisi wa Mtwara hapana. Palma iko hapo ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Oktoba 2020 wapiganaji wa kule walivuka wakaingia Kitaya, kijiji chetu hiki, Machi 2021 Palma yenyewe ikashambuliwa na watu wakakimbilia mto. Nimekaa na mama mmoja aliyetoka upande ule, Mmakonde mwenzetu, lugha moja, anauza mihogo, hajawahi kunisimulia chochote na mimi sijawahi kumuuliza. Nimesoma Ruined nimeelewa kwanini hasimulii. Kwahiyo naishauri kwa watu wazima tu, msimpe mtoto wa sekondari kwa sababu ya kava zuri.

Tuje kwa Mlima maana ndo kitabu nilichokipenda zaidi.

Ilichezwa mara ya kwanza Public Theater, New York, 2018. Mlima ni tembo mzee wa Kenya, wale wenye meno makubwa yanayokaribia kugusa ardhi, majangili wanamuua kwa ajili ya pembe, halafu kuanzia hapo tunazifuata pembe. Onesho la kwanza watu wawili, onesho la pili mmoja kati yao na mtu mpya, la tatu yule mpya na mwingine, hivyo hivyo kama kijiti kinavyopokezanwa, jangili, ofisa, mfanyabiashara, bandari, meli, mpaka Asia kwa fundi wa kuchonga na mwisho kabisa sebuleni kwa tajiri. Na Mlima haondoki! Amekufa lakini yupo jukwaani muda wote anaangalia, na kila mtu anayeshika zile pembe anapata alama nyeupe kutoka kwake. Kila mmoja ana sababu yake. Huyu anasema mimi nimesaini karatasi tu, yule anasema nisipofanya mimi atafanya mwingine. Kila onesho linatanguliwa na usemi mfupi kama methali, ukisoma unasikia kama mzee anakohoa kabla hajaanza kuongea.

Mimi ni wa Liwale. Babu yangu alikuwa na shamba la mahindi na ufuta, nikiwa mdogo tulikuwa tunalala kwenye dungu tunapiga madebe usiku kucha kufukuza tembo, na asubuhi unakuta wamepita upande ambao hukuupigia. Kwahiyo mimi tembo nimemuogopa kabla sijamhurumia. Halafu wakaanza kupungua. Sisi tulifurahi, nasema ukweli, watoto hatukujua kwanini usiku umekuwa kimya. Kwenye pori la akiba la Selous mwaka 1976 walihesabiwa tembo kama 109,000, sensa ya 2013 walibaki 13,000 hivi. Nyamaza kidogo uifikirie hiyo tofauti. Na njia ya pembe kwetu sio ya jana, misafara ilitoka bara ikashukia Kilwa Kivinje, Lindi, Mikindani, pembe mabegani kwa watu ambao wengi wao na wenyewe walikuwa wanauzwa. Sasa mtu wa Brooklyn kakaa kaandika kuhusu hiyo njia, kampa tembo jina la Kiswahili, na sisi tunaoishi juu ya ile njia hatuna tamthilia hata moja ya hivyo niliyoiona ikichezwa hapa mjini. Hilo limeniuma na bado linaniuma.

Tulijaribu kuisoma kwa sauti. Uzuri wa hii ni kwamba kule New York walikuwa waigizaji wanne tu, mmoja anakuwa Mlima, watatu wanagawana watu wengine wote, kwahiyo kikundi kidogo kama chetu kinaiweza. Tulikaa uani Shangani, tuko saba, mimi nasoma natafsiri papo hapo na wenzangu wanarudia kwa Kiswahili chao. Rangi nyeupe hatukuwa nayo tukatumia unga wa muhogo. Jamani. Ule unga ulivyokuwa unabaki kwenye shavu la mtu, kwenye kola, kwenye mkono, na mtu anaendelea kusema maneno yake ya kujitetea huku ameshapakwa, palikuwa kimya mpaka unasikia bahari. Aliyekuwa Mlima ni kijana anayecheza mapiko kwao, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde, anajua kusimama bila kuongea na bado watu wote wamtazame yeye, hakuhitaji kuelekezwa.

Kulikuwa na mjomba wangu mmoja mchonga vinyago, wa mpingo, alikuja kunywa chai tu. Lilipofika onesho la fundi wa pembe akasogeza kiti. Likaisha akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema fundi kabla hajaanza kuchonga lazima aulize mti umetoka wapi, na akijibiwa uongo mkono utamwambia. Hiyo haipo kwenye kitabu, ila ndo kitabu kilichoitoa.

Mapungufu. Kwanza Kiingereza, sio cha kupapasa. Ruined ina ladha ya watu wanaoongea lugha tatu, ni tamu ila nzito, kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga tafuta mwenzio msome pamoja. Pili kwenye Mlima kila mtu anapata onesho moja au mawili ameondoka, kuna watu nilitaka nikae nao zaidi. Tatu, na hili naliweka kwa heshima zote, mkulima anayeishi na tembo nimemtafuta sikumpata vile nilivyotaka. Yule anayepiga debe usiku. Pembe inaanza safari yake kwenye kijiji ambacho mwaka ule kimekosa mahindi, na mimi naona mlango huo kaupita haraka. Labda ni kazi yetu sisi kuuandika.

Kwa wanaoulizia vingine vyake. Intimate Apparel inahusu mshonaji mweusi wa nguo za ndani za wanawake, New York ya 1905, aliianzia kwenye maisha ya mama mzaa bibi yake. Sweat nimeisoma kwa kuazima, hiyo ni baa tena, lakini ya wafanyakazi wa kiwandani kwenye mji wa Reading, Pennsylvania. Alienda kule tangu 2011, kasikiliza watu zaidi ya miaka miwili, ndipo akaandika, na ikampa Pulitzer ya pili 2017, hakuna mwanamke mwingine aliyepata hiyo ya tamthilia mara mbili kabla yake. Aliyekulia karibu na viwanda vya korosho vya zamani, vile vilivyofungwa vikageuzwa maghala, ile Sweat itamwingia. Ametunga pia hadithi ya mchezo wa muziki wa Michael Jackson uliofunguliwa kwenye kumbi kubwa za Broadway, New York, 2022, na anafundisha chuo kikuu cha Columbia. Mwanamke mmoja, mikono mingapi.

Kuhusu kuigiza, kusoma uani na marafiki ni sawa, ila ukitaka kuuza tiketi lazima uombe haki na ulipie, msije mkaingia matatizoni na mkaniambia sikusema. Na msitoe kopi stesheneri, mwandishi anakula kwa hicho.

Nyota: Mlima nampa tano, Ruined tano pia, muuzaji wa Dar nne kwa sababu alijibu meseji haraka na bei hakubadilisha, usafiri mbili. Ukiagiza mwambie afunge kwa nailoni mara mbili na aandike namba yako pande zote za boksi, na we mwenyewe uwahi stendi.

Ruined kwa sasa iko Masasi kwa mwalimu mwenzangu, mkitaka kuazima pangeni foleni huko. Mlima hakitoki kwangu kwa sasa, mjomba amesema Jumamosi anakuja na wachongaji wenzake watatu na wanataka lile onesho la fundi lisomwe mwanzo mwisho, kwa Kimakonde, kwahiyo niko hapa natafuta neno la "kontena".